Wiki ya Mama Kisiwani

Habari ya safari ilimkuta Fundi amepiga magoti, kichwa kimeingia chini ya kitanda cha mama yake, anatafuta tembe iliyomponyoka. Alisikia viatu vya mdogo wake vikigonga sakafu, akasikia mkoba ukitupwa kitini, halafu sauti ya Kitinda ikajaa chumba kizima.

"Mama! Tunakwenda kisiwani! Wiki nzima, mimi na wewe. Nimeshalipia kila kitu, ndege mpaka chumba."

Fundi alitoka uvunguni na tembe mkononi na vumbi kwenye nywele. Hakuna aliyemtazama. Mama yake, ambaye tangu apigwe na kiharusi miaka sita iliyopita alikuwa akicheka kwa nusu ya uso, siku hiyo alicheka mpaka ile nusu iliyokufa ikatikisika.

"Kisiwani kweli?" aliuliza. Maneno yake yalitoka mazito, yakiburuta, lakini ukitulia ulimwelewa.

"Kweli, mama. Si ulinambia mwenyewe kwenye simu? Nilikuuliza kabla hujafikisha sabini unataka nini, ukasema kukanyaga mchanga wa kisiwani."

Fundi alibaki amesimama na ile tembe. Miaka sita alikuwa akimwuliza mama yake maswali kutwa nzima: umeshiba, unasikia baridi, umelowa, mguu unauma? Hilo la unataka nini halikuwahi kumjia.

Alikuwa na cherehani sebuleni na wateja wasiokatika, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mpaka mumewe, mpaka mama yake mzazi. Mdogo wake waliyepishana miaka kumi na mmoja aliitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, na hata sasa, na cheo chake katika ofisi ya bima na nyumba yake upande wa pili wa mji, hakuna aliyemwita vingine.

"Na mimi je?" Fundi aliuliza, akacheka ili ionekane ni utani.

"Ningekuchukua, dada, Mungu anajua. Lakini vyumba vyao ni vya watu wawili wawili." Kitinda alimshika bega. "Halafu utapumzika. Umechoka, dada yangu. Hebu jitazame."

Fundi akajitazama kwenye kioo cha kabati. Alimwona mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na utando wa buibui umening'inia juu ya sikio. Akautoa, akaenda jikoni, akaosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha.

*

Siku tatu baadaye Kitinda alirudi na magauni matatu ya dukani, kila moja katika mfuko wake. La kwanza lilikuwa la njano, la pili la maua makubwa, la tatu jeupe lenye mikono mirefu myembamba. Aliyatandaza juu ya miguu ya mama yao kama mchuuzi.

"Yamemzidi kidogo kiunoni. Yapunguze tu, dada, wewe ndiye fundi."

Fundi alilishika lile jeupe akaligeuza nje ndani. Mshono ulikuwa wa harakaharaka, nyuzi zinaning'inia, na zipu ilianzia kiunoni ikapanda mpaka shingoni. Nguo zote za mama alizishona yeye. Zilikuwa wazi mgongoni, zinafungwa kwa kamba mbili, ili mtu asiyeweza kunyanyua mkono avishwe akiwa amelala bila kuteswa. Mtindo huo aliubuni mwenyewe, na aliharibu vitambaa vinne kabla haujakaa sawa.

"Huu mkono wa kulia utauingizaje humu?" aliuliza.

"Tutauingiza polepole. Si ndiyo, mama?"

Mama alikuwa analipapasa gauni la njano kwa mkono wake mzima, anaenda na kurudi, kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. "Hizi ndizo nguo," alisema.

"Na nilizokushonea mimi?"

Mama alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na mjadala. "Zile ni za kitandani."

Fundi alichukua pini, akapima kiuno cha mama yake, akazichomeka moja moja. Moja ilimchoma kidole, akalinyonya tone la damu lisidondokee lile gauni jeupe.

Jioni mumewe, ambaye alikuwa mwashi, alikuja akakaa mlangoni kuvua viatu vilivyoganda saruji. Alimtazama mkewe akitia uzi kwenye sindano, ukatoka, akautia tena, ukatoka.

"Wivu huo," alisema.

"Nani? Mimi nimwonee wivu mtoto niliyembeba mgongoni?"

"Nimesema tu."

"Mimi ninayemwosha. Mimi ninayemgeuza. Yeye anakuja Jumapili moja kwa mwezi na manukato, anaondoka na baraka."

"Mimi najenga vyumba vya watu," mwashi alisema, akigonganisha viatu vyake nje ya kizingiti. "Siku ya kuhamia wanaalikana, wanacheza ngoma, mimi sialikwi. Ningeanza kuona wivu, hakuna ukuta wangu ungesimama wima."

"Basi nenda ukajenge," Fundi alisema, akasonya. Kisha akamletea maji ya kunawa, kwa sababu kosa halikuwa lake.

*

Dukani kwa muuza dawa Fundi alinunua pakiti mbili za nepi za watu wazima, marhamu ya ngozi, na kopo la ule unga wa kufanya vinywaji viwe vizito. Bila unga huo mama hakuweza kunywa kitu. Koo lake lilikuwa limesahau kazi. Uji mzito liliumeza, lakini maji matupu na chai vilipotea njia vikaingia mapafuni. Daktari alimweleza Fundi hivyo siku ya kutoka hospitali, na tangu siku hiyo hakuna tone la maji lililopita mdomoni mwa mama bila kukorogwa kwanza.

"Nasikia mnasafiri," muuza dawa alisema akipanga vitu mfukoni.

"Anasafiri mama. Na mdogo wangu."

"Mna bahati nyumba yenu. Watoto wangapi siku hizi wanampeleka mzazi mapumzikoni? Huyo binti ana moyo."

"Yupi?"

"Huyo mdogo, wa bima." Muuza dawa akaona uso wake, akaongeza haraka, "Na wewe pia unasaidia, eh? Vizuri. Kila mtu na sehemu yake."

Unasaidia. Fundi alitembea na neno hilo mpaka nyumbani, pakiti zinampiga mapajani. Mbele ya duka la nguo jirani mmoja alimpungia mkono akauliza mama anaondoka lini. Mwingine alimwambia amwambie Kitinda Mungu atamlipa. Alifika amekunja uso, akakuta Kitinda ameshakuja na kuondoka. Mezani alikuwa ameacha daftari jipya lenye jalada gumu, na karatasi imebandikwa juu: *Dada, niandikie kila kitu. Usiache hata nukta. Nakutegemea.*

Aliandika mchana huohuo, huku mama amelala. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyezoea kuandika vipimo. Dawa ya asubuhi, nusu tembe, isagwe. Mgeuze kila baada ya saa mbili, na usimvute mkono, mshike nyonga. Mtazame kisigino na mwisho wa uti wa mgongo, pakiwa pekundu paka marhamu. Akimaliza kula pitisha kidole shavu la kulia, huficha chakula bila kujua. Anaogopa kuoshwa kichwa, mwambie kwanza. Kurasa zikajaa, moja, mbili, sita, na kadiri alivyoandika ndivyo alivyoona maisha yake yakigeuka maelezo ambayo mtu yeyote anayejua kusoma angeweza kuyafuata.

Alipofika kwenye vinywaji kalamu ikasimama.

Hakumtakia mama yake baya. Kama kuna mtu angemwuliza saa ile angeapa, na asingekuwa mwongo. Alichokiona akilini ni mama anakohoa, Kitinda anahangaika, wageni wa hoteli wanageuka kutazama, na simu inalia hapa sebuleni: dada, nimeshindwa, nifanyeje, tunarudi. Alimtakia Kitinda aibu, na kidogo tu, kama ya siku mbili. Akaandika: *Chai saa nne, iwe vuguvugu.* Akalifunga daftari. Lile kopo la unga akalisukuma nyuma kabisa ya rafu ya jikoni.

*

Siku mbili kabla ya safari Kitinda aliomba ruhusa kazini, akaja kufanya mazoezi. Alivaa fulana ya zamani, akafunga nywele kitambaa, na akafanya kazi huku daftari limefunguliwa kitandani, anasoma kwa sauti kama mwanafunzi wa unesi.

"Ukurasa wa pili. Mshike nyonga. Haya mama, moja, mbili... Umeona? Dada, umeona?"

"Nimeona," Fundi alijibu kutoka sebuleni. Alikuwa anakunja pindo la gauni la njano, na mlango wa chumba ulikuwa wazi.

"Unaumia, mama?"

"Siumii," mama alisema. "Una mikono laini."

Mguu wa Fundi ukakanyaga cherehani kwa nguvu, mshono ukaenda kombo. Alikuwa anaufumua alipoinua macho akamwona Kitinda akimimina maji kutoka kwenye jagi, maji meupe matupu, glasi nzima, na mkono wake mwingine umeingia chini ya kichwa cha mama kukiinua.

Alikuwa na muda wa kusema. Hilo baadaye hakulificha, wala kwa mumewe wala kwa nafsi yake. Ilikuwa hatua sita kutoka kwenye cherehani mpaka kitandani, na neno moja lingefika kabla ya hatua yoyote. Ulimi ulimganda. Glasi ikagusa midomo, ikainuliwa, na mama akapaliwa.

Mwanzo kilikuwa kikohozi kidogo. Kisha hakikuwa kikohozi tena. Kilikuwa mlio kama wa mlango unaokwaruza sakafu, macho ya mama yakatoka, midomo ikabadilika rangi. Kitinda aliita "Mama! Mama!" na kumpepea kwa lile daftari. Fundi hakukumbuka alivyofika. Alimkalisha, akamwinamisha mbele kifuani pake, akampiga kati ya mabega kwa kiganja, mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka maji yakatoka kwa mdomo na kwa pua na pumzi ikaingia kwa filimbi.

Wote watatu walikuwa wamelowa.

"Nimefanya nini?" Kitinda aliuliza. "Nimekosea wapi? Nimesoma yote." Akaanza kufunua kurasa, vidole vinateleza. "Haipo. Dada, haipo humu. Umesahau kuandika."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa kwa upole na mtu asiyejua. Fundi alipaswa kusema ndiyo tu.

"Sikusahau," alisema.

Kitinda alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Fundi aliona jinsi uelewa ulivyopanda usoni mwake, polepole, kama maji kwenye kitambaa.

"Hanywi maji matupu. Yanakorogwa na unga. Kopo liko jikoni, nimelificha. Nilitaka ushindwe. Nilitaka unipigie simu uniambie umeshindwa."

"Angekufa mikononi mwangu!"

"Najua."

"Mimi nimekukosea nini, dada? Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu. Unakuja na mikono laini, unaambiwa una moyo. Mimi naambiwa nasaidia."

Mama alikuwa bado ameegemea kifua cha Fundi, anahema. Aliinua mkono wake mzima, na mabinti wote wawili wakanyamaza.

"Ulitaka nirudi?" aliuliza, akimtazama Fundi kutoka chini.

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungebaki?"

Mama alifikiri. Angeweza kumhurumia; hakumhurumia. "Nisingebaki," alisema. Akapumua, akaanza tena, kipande kwa kipande. "Miaka thelathini nimepiga pasi hotelini. Chumba cha chini, hakina dirisha. Wageni wakitoka kisiwani wanaleta suruali. Nakunjua pindo, mchanga unamwagika mezani. Mweupe. Naufagia, kesho unakuja mwingine." Akapumzika. "Nataka nikaukanyage. Nisiufagie."

Miaka yote hiyo Fundi hakuwa amewahi kuisikia habari ya mchanga. Alimlaza mama yake, akambadilisha nguo, akaenda jikoni kuvuta kopo. Akaliweka mbele ya mdogo wake pamoja na glasi na kijiko.

"Vijiko viwili vya unga, koroga mpaka kijiko kiache mstari. Kidevu kiwe chini, usimwinue kichwa. Andika mwenyewe, kwa mkono wako."

Kitinda aliandika. Hakusema neno lingine, wala siku ile wala asubuhi ya safari, isipokuwa yale ya lazima: shika hapa, fungua mlango, begi liko wapi. Mama alivaa gauni la njano. Fundi alikuwa amelipasua mgongoni na kulitia kamba mbili, na kutoka mbele usingejua.

*

Wiki ile nyumba ilikuwa kimya mpaka Fundi akasikia saa ya ukutani. Siku ya kwanza alisafisha chumba cha mama. Siku ya pili alikisafisha tena. Alishona sare za shule kumi na mbili, na simu aliiweka juu ya meza ya cherehani, uso juu, akiitazama kila anapokata uzi.

Haikulia. Siku ya tatu akapiga mwenyewe.

"Hajambo," Kitinda alisema. Nyuma yake kulikuwa na upepo na watu wanacheka. "Anakula vizuri. Hajapaliwa hata mara moja. Huyu hapa."

"Fundi!" Sauti ya mama ilikuwa ya juu, ya msichana. "Mchanga unaunguza! Wamenibeba mpaka majini, vijana wanne!"

"Umekunywa dawa? Mama, kisigino kinaendeleaje?"

"Wimbi linakuja," mama alisema. "Nitakupigia." Simu ikakatika.

Hakupiga. Fundi alikaa na mikono mapajani. Aliwaza kwamba mtu mwema angefurahi, akajilazimisha kufurahi, na furaha haikuja. Mumewe aliporudi alimkuta amelala kitandani kwa mama, juu ya shuka safi, amejikunja akiuelekea ukuta. Mwashi ndiye aliyepika usiku ule; chakula kikaungua, na wakakila.

*

Walirudi siku ya nane, alasiri. Mama alikuwa ameiva kwa jua, pua inabambuka, na alilala kabla hawajamvua viatu. Fundi alimkagua kama anavyokagua nguo iliyorudishwa na mteja: visigino, mgongo, kiuno, ndani ya mashavu. Hakukuwa na wekundu mahali popote. Alitafuta kosa na hakuliona, na hilo nalo likamuuma.

Alipotoka alimkuta Kitinda ameketi jikoni, sahani ya chakula mbele yake, hajaigusa. Ndipo alipomtazama vizuri. Kucha zake ndefu zilikuwa zimekatika zote. Alikaa upande mmoja, kama mtu mwenye maumivu ya kiuno, na chini ya macho yake kulikuwa na weusi ambao jua halikuuweka.

"Kula," Fundi alisema.

"Dada." Kitinda aliongea akiitazama sahani. "Nilitaka anihitaji. Wiki moja tu. Kila nikimpigia simu ananiambia Fundi kasema hivi, Fundi kapika vile. Nikasema nami nitampata wangu, siku saba, kule ambako wewe hupo."

Fundi akavuta kiti.

"Mchana alikuwa wangu. Usiku wa kwanza akaanza kuita. Fundi! Fundi! Nikaamka, nikawasha taa, nikamwambia mama, ni mimi, Kitinda, niko hapa. Akanitazama, akaanza kulia. Akaita tena. Ile sauti, dada, utafikiri mtoto aliyepotea sokoni." Alijifuta pua kwa mkono. "Mara ya nne nikazima taa. Alipoita, nikaitika. Abee, mama. Akatulia palepale. Akasema, nigeuze, Fundi. Nikamgeuza. Usiku wa siku zote saba niliitika jina lako. Usimwambie. Yeye hajui."

Hiki ndicho Fundi alichokuwa amekiomba wiki nzima, kwamba mama amtafute yeye, tena akakiomba vibaya. Sasa kilikuwa kimeletwa mbele yake, chote, bila yeye kuinua kidole. Angeweza kukaa nacho. Angeweza kukikunja akakiweka kifuani, akakitoa kila mara mtaa utakapomsifia mwingine, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa kilikuwa kweli. Alimtazama mdogo wake, mabega yalivyolegea, akaona ni mtu aliyegeuza mwili wa mama yao gizani kwa siku saba bila kupewa hata jina lake mwenyewe.

"Unadhani hapa anamwita nani?" alisema.

Kitinda aliinua macho.

"Akishikwa na usingizi anakuita wewe. Kitinda, Kitinda. Mimi ndiye ninayeitika."

"Unanidanganya."

"Muulize shemeji yako."

Mwashi alikuwa amefika mlangoni muda huo, ndoo ya vifaa mkononi, saruji mpaka kwenye nyusi. Alimtazama shemeji yake, akamtazama mkewe. Miaka sita amelala chumba cha pili, na ukuta wa katikati aliujenga yeye mwenyewe, mwembamba. Jina lile hakuwa amewahi kulisikia likiitwa usiku. Fundi hakumkonyeza wala hakumwomba. Alimtazama tu.

"Ah, kila usiku," mwashi alisema, akiweka ndoo chini. "Kitinda, Kitinda, mpaka tunakosa usingizi. Mimi nilishasema aje amchukue mama yake tupumzike."

Kitinda akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio, akakinga uso kwa viganja vyenye kucha zilizokatika. Kisha akavuta sahani, akaanza kula kwa pupa kama mtu aliyefunga kutwa nzima. Fundi aliketi akimtazama. Katika vyote alivyowahi kumpa mdogo wake, nguo, karo, mgongo wa kubebwa, huo uongo ndio uliomuuma kuutoa, na alipomwona amekaribia kumaliza, akamwongezea chakula.